Nani apige kura nchi za muungano mmoja zinapokwenda kwa kasi tofauti? Ulinganisho wa njia nne

Nchi zikiungana, ni nadra zote kutaka kuungana kwa kina kilekile. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Denmark ina haki ya kimkataba ya kubaki na sarafu yake, krone, badala ya yuro. Uswidi iliulizwa kuhusu yuro kwa kura ya maoni Septemba 2003, karibu asilimia 56 wakasema hapana. Ayalandi haimo katika eneo la Schengen, ambamo watu huvuka mipaka bila kukaguliwa pasipoti. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeandika katika Ibara ya 7 ya Mkataba wake kwamba nchi zinaweza kusonga kwa kasi tofauti. Tanzania nayo ni muungano ambao upande mmoja una rais wake na chombo chake cha kutunga sheria, na upande wa pili hauna.

Tofauti ya kasi peke yake haimwonei mtu. Uonevu unaanzia kwenye swali linalofuata: jambo likiwahusu baadhi tu, nani akae mezani, nani apige kura, na nani abebe gharama? Kwa upana, njia zilizowahi kujaribiwa ni nne. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya yeyote anayelazimika kuchagua, awe anaandaa maoni ya katiba, anamshauri mbunge, au anataka kujua asimame upande gani mjadala wa sarafu moja au shirikisho ukifika mlangoni kwake.

Vigezo kwanza

*Sauti.* Je, kila anayefungwa na uamuzi ana kura? Na je, asiyefungwa nao anaweza kuuamua?

*Uwajibikaji.* Mambo yakiharibika, mpigakura anajua amwondoe nani?

*Mlango.* Aliyebaki nje anaweza kuingia baadaye, na kwa masharti yaliyoandikwa na nani?

*Utendaji.* Maamuzi yanapatikana, au yanakwama?

Kigezo cha sauti ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kufungwa na sheria na kuguswa na sheria ni mambo mawili. Chukua krone ya Denmark. Thamani yake inashikizwa kwenye yuro, na imeruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2.25 tu. Benki Kuu ya Ulaya ikibadilisha riba, benki kuu ya Copenhagen kwa kawaida hufuata ili kuilinda thamani hiyo, ingawa Denmark haina kiti kwenye baraza linaloamua riba. Kisheria Denmark iko nje, lakini mwenye mkopo wa nyumba kule anauhisi uamuzi ule mfukoni. Norwe iko mbali zaidi: wananchi wake walikataa kujiunga mwaka 1972 na tena mwaka 1994, lakini kwa mkataba wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ulioanza kazi Januari 1994, kanuni za soko la pamoja zinaingizwa kwenye sheria zake bila waziri yeyote wa Norwe kuzipigia kura. Wataalamu wake husikilizwa sheria zinapoandaliwa, na haki yao inaishia hapo.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "waamue wanaohusika", muulize kwanza: wanaohusika ni akina nani? Kila moja ya njia hizi nne inachora mstari huo mahali pake.

Njia ya kwanza: wote wapige kura

Hapa chombo cha uwakilishi hakigawanywi. Awe ndani ya mpango au nje, kila mjumbe anapiga kura.

*Sauti.* Ndivyo linavyofanya kazi Bunge la Ulaya. Wabunge wake 720 wanapiga kura hata sheria ikiwa inazifunga nchi za yuro peke yake, kwa hoja kwamba mbunge yule anawakilisha raia wa Umoja na si serikali ya kwao. Hoja hiyo ilipimwa kwelikweli wakati wa mgogoro wa yuro: kuanzia 2009 hadi 2014 kamati ya bunge hilo inayoshughulikia uchumi na fedha iliongozwa na Sharon Bowles, mbunge kutoka Uingereza, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja lakini haikuwa na yuro na haikukusudia kuwa nayo. Kwa anayeamini kwamba raia wa Umoja ni mmoja, hakuna kasoro hapo. Anayeuona Umoja kama kundi la mataifa atauliza alikaa kiti kile kwa niaba ya nani.

Udhaifu wa njia hii unaonekana vizuri zaidi London. Tarehe 27 Januari 2004 Bunge la Uingereza lilipigia kura muswada ulioruhusu vyuo vikuu vya England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, kutoza ada hadi pauni 3,000 kwa mwaka. Ulipita kwa kura 316 dhidi ya 311. Miongoni mwa walioupitisha walikuwamo wabunge wa chama tawala waliotoka Uskoti, ambako elimu iko chini ya Bunge la Uskoti na ada hizo zisingetozwa. Bila kura zao muswada ungeanguka. Mbunge Tam Dalyell alikuwa ameliuliza swali hilo tangu 1977: kwa nini yeye wa West Lothian, jimbo la Uskoti, aamue mambo ya England, wakati wa England hatakuwa na usemi juu ya mambo yaleyale huko Uskoti?

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufika London. Bunge la Muungano linatunga pia sheria za Tanzania Bara kwa mambo yasiyo ya Muungano, kama kilimo na afya, na wabunge kutoka Zanzibar wanapiga kura. Mambo hayohayo kwa upande wa Zanzibar huamuliwa na Baraza la Wawakilishi, ambako mbunge wa Bara hana nafasi. Ila malalamiko hayatoki upande mmoja. Mzanzibari naye atakuonyesha kwamba katika mambo ya Muungano watu wake ni wachache mno ndani ya Bunge kiasi cha kuzidiwa wakati wowote. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana suala hili limedumu.

*Uwajibikaji.* Hapa njia hii ni dhaifu. Mwanafunzi wa Leeds, England, aliyepandishiwa ada hawezi kumwondoa mbunge wa Glasgow, Uskoti.

*Mlango.* Uko wazi kuliko katika njia nyingine zote. Aliye nje leo ameshiriki kuziandika sheria, na siku akiingia hazitakuwa ngeni kwake.

*Utendaji.* Mzuri. Hakuna haja ya kuuchambua kila muswada ili kujua ni wa nani.

Inazifaa nyumba ambamo tofauti ni ya kupita. Nchi za Umoja wa Ulaya zisizo na yuro, ukiacha Denmark, zinawajibika kimkataba kuipokea zikitimiza masharti. Mbunge wao anapiga kura juu ya sheria ambayo siku moja itamfunga mpigakura wake. Ila tofauti ikishakuwa ya kudumu, msingi wa hoja unapungua.

Njia ya pili: wapige kura walio ndani tu

Umoja wa Ulaya huiita njia hii ushirikiano ulioimarishwa. Iliingizwa na Mkataba wa Amsterdam, ulioanza kutumika 1999. Kwa sasa nchi zisizopungua tisa zinaweza kutangulia, zikitumia taasisi zilezile za Umoja. Nchi zote hukaa kikaoni na kujadili, lakini mawaziri wa zile zilizojiunga ndio wanaopiga kura.

*Sauti.* Kwa aliye ndani, haki imetimia: anayeamua ndiye anayefungwa. Aliye nje amebakiziwa haki ya kusema, na hiyo si ndogo kama watu wanavyoidhani. Pingamizi likitolewa mapema chumbani huokoa mengi. Lakini kwa jambo lenye athari zinazovuka mipaka, kusema bila kura hakutoshi. Mwaka 2013 nchi 11 ziliruhusiwa kuandaa kodi ya miamala ya fedha. Uingereza, ikiwa nje ya mpango huo, ilikwenda mahakamani ikidai kodi hiyo ingeyafikia mabenki yake, na mwaka 2014 ikashindwa.

Kuna jambo husahaulika hapa: hata katika ushirikiano ulioimarishwa, Bunge la Ulaya halijigawi. Upande wa mawaziri wanapiga kura walio ndani, upande wa bunge wanapiga kura wote. Ulaya, kwa maneno mengine, imezichanganya njia mbili za kwanza, na sioni ubaya wake: serikali inabeba hoja ya taifa, mbunge anabeba hoja ya raia.

*Uwajibikaji.* Mzuri. Ukikasirishwa na sheria, unamjua waziri wako na unajua alikuwa na kura.

*Mlango.* Mkataba unalazimisha uwe wazi wakati wowote, kwa sharti la kuyakubali yaliyokwisha kuamuliwa. Sharti hilo ndilo linalouma, maana asiyekuwepo na lake halipo. Hispania na Italia zilikataa mpango wa hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) moja ya Ulaya kwa sababu ya lugha zilizochaguliwa: Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Zikashtaki, na Aprili 2013 zikashindwa. Italia iliingia mwaka 2015. Mfumo ulianza kazi Juni 2023, Hispania ikiwa bado nje. Anayeingia baadaye haingii kuijadili lugha upya.

*Utendaji.* Wa wastani. Sheria ya talaka za wanandoa wa mataifa tofauti ilikuwa imekwama kwa kukosa kauli moja ya nchi zote. Mwaka 2010 nchi 14 zikatangulia nayo. Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Ulaya ilianza kazi Juni 2021 ikiwa na nchi 22, Poland na Uswidi zikaingia mwaka 2024. Ile kodi ya miamala, kwa upande mwingine, haijazaliwa. Kupunguza idadi ya wapigakura hakuleti mwafaka kama wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana.

Inayafaa mambo ambayo athari zake zinabaki ndani, kama talaka na uchunguzi wa jinai.

Njia ya tatu: kura mbili, wingi wa kila upande

Uamuzi unapita ukipata wingi mara mbili: miongoni mwa walio ndani, na miongoni mwa walio nje. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa mzito. Kwa maoni yangu haujapewa heshima unayostahili, na ndio nitakaoueleza kwa kirefu kidogo.

*Sauti.* Ni njia pekee inayokiri wazi kwamba aliye nje anaguswa. Nchi za yuro zilipoamua kuweka usimamizi wa mabenki yao makubwa chini ya Benki Kuu ya Ulaya, nchi za nje ziliingiwa na hofu: kundi lile lingepiga kura kwa pamoja ndani ya Mamlaka ya Benki ya Ulaya, chombo kinachoandaa kanuni za mabenki ya Umoja mzima, na wengine wangekuwa wasindikizaji. Mwaka 2013 sheria ikarekebishwa: maamuzi muhimu ya chombo hicho yapate wingi wa kura za nchi zilizo ndani ya usimamizi wa pamoja na wingi wa kura za nchi zilizo nje. Hakuna upande unaoweza kuuburuza mwingine.

Tanzania ina kanuni ya ukoo huohuo, tena ya zamani zaidi. Ibara ya 98 ya Katiba inataka mabadiliko ya mambo fulani mazito ya Muungano yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa kutoka Zanzibar. Uwingi wa Bara haumezi chochote hapo; wabunge wa Zanzibar wakisema hapana, hapana yao inatosha. Sharti la theluthi mbili kila upande lilitumika pia katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar) katika rasimu zake za 2013. Bunge Maalumu likabaki na mbili. Uwe unaufurahia au unausikitikia uamuzi ule, kuhesabu kila upande peke yake kulilinda jambo la msingi: katiba ya Muungano isiandikwe na upande mmoja.

*Uwajibikaji.* Wa wastani. Jambo likikwama, kila upande utasema mwingine ndiye aliyelizuia. Dawa yake ni kura za wazi, zenye majina.

*Mlango.* Hapa kuna mtego. Kadiri nchi zinavyoingia, kundi la nje linapungua, na kila iliyobaki inazidi kuwa na nguvu. Nchi mbili tatu zinaweza kujikuta zimeshika kura ya turufu juu ya zote. Kanuni ya namna hii iandikwe mapema itakavyobadilika kundi likifikia idadi fulani.

*Utendaji.* Wa polepole, na kwa mambo mazito polepole ni sawa. Kwa mambo ya kila wiki inachosha. Uingereza iliweka utaratibu wa aina hii Oktoba 2015: muswada unaoihusu England peke yake upate ridhaa ya wabunge wa England na ya Bunge zima. Julai 2021 serikali ikaufuta, ikisema umeongeza ugumu na ucheleweshaji. Nadhani kosa lilikuwa kuusambaza kwenye sheria za kawaida badala ya kuuweka kwenye machache mazito.

Inaufaa muungano wa pande mbili zisizolingana kwa ukubwa, na mambo ambayo walio nje hawawezi kuyakwepa.

Njia ya nne: mkataba wa pembeni

Wanaotaka kutangulia wanatoka nje ya nyumba, wanatia saini mkataba wao, na wanaunda taasisi zao.

*Sauti.* Walio ndani wana sauti kwa kadiri mkataba wenyewe ulivyoandika, na huandikwa na wenye nguvu. Mfuko wa uokoaji wa nchi za yuro ulioanzishwa 2012 unahesabu kura kwa kiasi cha mtaji: Ujerumani peke yake ina zaidi ya robo, Malta haifiki hata sehemu moja kwa mia. Maamuzi makubwa yanataka kauli moja, na hilo humlinda mdogo kwa sehemu. Bunge la Ulaya halina kura.

Tazama Julai 2015, Ugiriki ilipohitaji mkopo wa mfuko huo. Tarehe 5 Wagiriki walipiga kura ya maoni, asilimia 61 wakayakataa masharti ya wakopeshaji. Asubuhi ya tarehe 13 serikali yao ilikubali mpango mwingine mjini Brussels. Siku chache baadaye Bunge la Ugiriki likapitisha hatua za kwanza, na tarehe 17 Bunge la Ujerumani likapiga kura kuruhusu mazungumzo ya mkopo yaanze. Yote mawili ni mabunge halali, yaliyochaguliwa na watu wake. Lakini hapakuwa na hata chombo kimoja kilichochaguliwa na Wajerumani na Wagiriki kwa pamoja ambacho uamuzi ule ulipaswa kupitia. Mjerumani aliyechangia na Mgiriki aliyekatwa pensheni hawakuwa na mwakilishi wa pamoja wa kumuuliza.

*Uwajibikaji.* Mbaya kuliko njia zote, isipokuwa bunge la nchi lijiwekee meno lenyewe, yaani haki ya kukubali au kukataa. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, kwa uamuzi wa Septemba 2012, ililihakikishia Bunge la huko meno hayo. Si kila bunge lina mahakama ya namna hiyo nyuma yake.

*Mlango.* Inategemea. Schengen ilianza mwaka 1985 kwa nchi tano, ikaingizwa ndani ya Umoja 1999. Mkataba wa nidhamu ya bajeti wa Machi 2012, uliosainiwa na nchi 25 baada ya Uingereza na Czech kukataa, uliahidi hatua za kuuingiza kwenye sheria za Umoja ndani ya miaka mitano tangu kuanza kutumika. Miaka hiyo ikapita kabla haujaingizwa.

*Utendaji.* Wa haraka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kuanzia 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana wenyewe kuharakisha miradi yao, na mwaka 2014 visa moja ya watalii ya nchi tatu ikaanza. Tanzania na Burundi zilihisi zimeachwa, na Novemba 2013 Rais Kikwete alilieleza Bunge masikitiko hayo. Miradi yenyewe ilikuwa na faida kwa wasafiri na wafanyabiashara. Kilichouma ni kwamba ilianzia nje ya meza ambayo Mkataba wa Jumuiya, pamoja na kifungu chake cha kasi tofauti, ulikuwa umeiweka tayari.

Inayafaa majaribio, na dharura ambayo haingoji.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Kama nchi zilizo nje zimekwisha kukubali kwamba zitaingia, na muda ndio pekee unaozitenganisha, wape wote kura. Kuwatoa wabunge wao leo na kuwarudisha kesho kutaacha kinyongo bila faida.

Kama tofauti ni ya kudumu na athari zinabaki ndani, waamue walio ndani, wengine wawe na haki ya kukaa na kusema.

Kama tofauti ni ya kudumu lakini athari zinavuka, kama katika mabenki, malipo na ushindani wa kibiashara, tumia kura mbili, na orodha ya mambo hayo iwe fupi.

Kama muungano ni wa pande mbili na mmoja ni mkubwa mara nyingi, kura mbili kwa mambo ya msingi ni lazima. Kwa mambo ya kila siku ya upande mmoja, fikirieni chombo cha upande huo, au walau kikao cha wabunge wake peke yao kabla ya kura ya mwisho.

Kama ni dharura, mkataba wa pembeni unakubalika kwa masharti matatu: uwe na tarehe ya kuingizwa ndani ya nyumba au kufa, kila bunge lipate kura kabla fedha hazijatoka, na mtu wa nje aweze kuingia bila kuombea ridhaa ya mmojammoja.

Na kama swali lako ni sarafu moja ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013 na inaziruhusu nchi zilizotimiza vigezo kutangulia, hutaipata njia moja ya kutosha. Kanuni za madeni na bajeti za walio ndani waziamue mawaziri wa walio ndani. Kanuni za mabenki na malipo yanayovuka mpaka zipate wingi wa pande zote mbili. Bunge la Afrika Mashariki lina wajumbe tisa wa kuchaguliwa kwa kila nchi, kubwa na ndogo sawa, nao huchaguliwa na mabunge ya nchi zao badala ya wananchi wenyewe. Hao wajadili wote, lakini kura ya mwisho juu ya sheria za sarafu isiwe yao peke yao mpaka mpigakura wa kawaida awe na njia ya kuwaondoa. Masharti ya kuingia yaandikwe kabla nchi ya kwanza haijaingia, na walio ndani wasiwe na mamlaka ya kuyabadili peke yao.